Muhula wa Kimya

Ludlow, 3 Machi 2004

Panya mpenzi,

Kitabu kimefika. Nimekisoma jana mchana kutwa, chai ikanipolea mezani mara mbili, na si kwa utamu wake. Kwa hasira, mwenzangu.

Kweli maiti haulizwi sanda. Bi. Dacombe angekuwa hai asingekubali hata jalada. Alituandikia vitabu thelathini na kimoja vya shule ya Larkholme, wewe na mimi tukavisoma bwenini mpaka kurasa zikaachana. Leo, zaidi ya miaka arobaini tangu azikwe, anatokea mtu anayejiita M. Lorrimer, hana sura wala anwani, anatuletea cha thelathini na mbili! Na wachapishaji wanasema vitakuja vingine.

Hebu sikiliza. Kiranja Mkuu analia kwenye ghala la magongo ya hoki. Kiranja Mkuu wa Larkholme! Huyo halii, ana wadogo wa kuwaliza. Halafu kila mtu anaomba radhi. Wanaombana radhi asubuhi, wanaombana radhi kwenye uji, mwalimu wa Kilatini anamwomba radhi mtoto. Nilidhani nasoma barua za kanisa. Huyu Lorrimer hajawahi kulala bweni hata siku moja, naweka mkono wangu motoni.

Wewe umekisoma? Usiniambie umekipenda. Nakujua, wewe ukipewa mkate wenye ukungu unasema ukungu una vitamini.

Mumeo Leonard anaendeleaje? Bado anatokwa na mate? Msalimie, kama anazielewa salamu.

Wako,
Hester

*

Hexham, 12 Machi 2004

Hester mpenzi,

Asante kwa barua. Nimeisoma nikiwa nimesimama jikoni, nikacheka pale kwenye barua za kanisa.

Leonard hajambo kiasi. Tangu kile kiharusi cha pili mkono wa kulia haujarudi, lakini anaelewa kila kitu. Nilimsomea salamu zako. Niliruka neno moja.

Kitabu nimekisoma. Usinikasirikie, mimi kuna mahali kilinigusa. Nadhani Lorrimer alitaka kuwapa wale wasichana jambo ambalo Bi. Dacombe hakuwapa, yaani kuona kwamba wamemuumiza mtu. Labda hakuweza vizuri. Lakini sidhani alikuwa na nia mbaya.

Unafikiri ungemwambia nini ukikutana naye?

Wako,
Avis

*

Hexham, 12 Machi 2004

Mpendwa Bw. Yeo,

Nimepokea nakala sita za kitabu changu mlichochapisha, zimependeza sana. Nakuomba tena lile tulilokubaliana: jina langu lisijulikane kwa mtu yeyote, na hasa kwa chama cha wasomaji wa Larkholme. Mwenyekiti wao na mhariri wa jarida lao ni Bi. Hester Cundall, rafiki yangu tangu tukiwa na miaka kumi na mitatu. Akijua kuwa M. Lorrimer ni mimi sitaweza kuandika hata sentensi moja tena. Wewe humjui. Mimi bado nasikia sauti yake kila nikifuta neno.

Wako mwaminifu,
Avis Harbottle

*

Ludlow, 2 Juni 2004

Panya wangu,

Nakuambatishia jarida. Ukurasa wa kwanza wote ni mimi. Nimemchambua Lorrimer kama kuku wa Krismasi, sikumwachia hata unyoya. Wanachama wameniandikia barua thelathini na nane za pongezi, na duka la vitabu la hapa limezirudisha nakala zake. Nikikutana naye, uliuliza, ningemwambia nini? Ningemwambia: bibi wee, nenda kafume soksi.

Lililonikera kupita yote ni ile sura ya kumsusia msichana. Siku tatu! Anasusiwa siku tatu, siku ya nne wote wanakumbatiana na kunywa kakao. Huko ndiko kususa? Sisi tulimnyamazia Una Pask wiki kumi na moja, muhula mzima, hakuna aliyemwambia hata "nipishe". Ile hadithi bado nawasimulia kwenye chakula cha mwaka cha chama, wanacheka mpaka wanashika mbavu, hasa pale ninapoigiza Una akimwomba chumvi mtu asiyemsikia. Unakumbuka? Binti wa muuza nyama, aliyesomeshwa kwa ufadhili, na zile nyusi zake. Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa shuleni. Lorrimer angejulia wapi?

Wako,
Hester

*

Hexham, 20 Juni 2004

Hester mpenzi,

Nakumbuka. Nilikuwa nadhani wewe umesahau, kumbe unasimulia.

Nikuulize. Unakumbuka kwa nini tulimsusia?

Avis

*

Ludlow, 27 Juni 2004

Wee Panya, uzee umekuingia kabla yangu? Alituchongea! Ile redio niliyokuwa nimeificha kwenye kapu la nguo chafu, matroni alikwenda moja kwa moja akainua shuka na kuichukua. Mtu alisema, na aliyesema alikuwa Una. Mchongezi hunyamaziwa, ndiyo sheria. Hata Larkholme iko, kitabu cha tisa.

Umenipotezea stempu kwa swali la kitoto.

Hester

*

Hexham, 4 Julai 2004

Mpendwa Bw. Yeo,

Usihuzunike kwa yale yaliyoandikwa kwenye jarida. Kitabu cha pili nimeshakipata. Msichana mgeni anasingiziwa uchongezi na bweni zima linamnyamazia muhula mzima. Nimekaa nacho miaka arobaini na sita bila kujua kuwa ni kitabu. Nitakuletea kabla ya Pasaka.

Avis Harbottle

*

Ludlow, 19 Septemba 2005

Avis,

Leo sikuiti Panya. Panya ana aibu, akisikia mlango anakimbia.

Nimekisoma hicho kitabu cha pili cha Lorrimer. Kuna kiranja wa bweni anaitwa Hilda, ana shungi jeupe mbele ya kichwa tangu kuzaliwa, anaigiza wenzake na kuwachekesha watu. Kuna binti wa muuza nyama anaitwa Nora. Kuna redio kwenye kapu la nguo. Wanachama si wajinga, nimewasimulia habari hiyo miaka ishirini na shungi langu wanaliona. Chakula cha mwaka kilikuwa Jumamosi. Hakuna aliyekaa karibu nami. Hakuna aliyeniomba nisimulie chochote. Baada ya supu akasimama yule mwanamke wa Leominster, mwenye meno, akasema kwa niaba ya wengi ingefaa niupumzishe uenyekiti, na jarida pia. Walipiga kura, Avis. Mikono ishirini na saba. Niliwaanzishia chama hicho sebuleni kwangu.

Nikarudi nyumbani, nikakaa, nikafikiri. Nani huyu Lorrimer? Na kitabu chenyewe kikaniambia. Ukurasa wa 143, Nora anaungua mkono na pasi kwenye chumba cha kupigia pasi, wenzake wamenyamaza, na kajitu kamoja kaoga kanakoitwa Mabel kanavunja kimya, kanakimbia na kitambaa chenye maji na kumfunga mkono. Mimi habari ya pasi sijawahi kuisimulia popote kwa sababu sikuwepo, nilikuwa uwanjani. Chumbani mlikuwa wanne: Una, Prue Haddow, Jean Sillitoe na wewe. Prue na Jean tumeshawazika, na kajitu kaoga kama kale tulikuwa nako kamoja tu.

Kumbe ndiye wewe, na mimi nazisoma barua zako kwa miwani kana kwamba za rafiki.

Sasa nikupe zawadi, kwa kuwa unapenda ukweli. Una hakutuchongea. Wewe ndiye uliyetuchongea. Nilijua tangu siku ile ile. Matroni mwenyewe aliniambia, akikutaja kwa jina la baba yako, hakuwa na breki kwenye ulimi: "Thorley ni mtoto mwema, ameniambia bila kulazimishwa." Utaniuliza kwa nini nikamtaja Una. Bweni lilitaka mtu, nami ilibidi nimtoe mtu. Wewe ulikuwa unanifulia soksi, unaniandikia insha na unacheka nikisema cheka. Una alikuwa hana kazi yoyote. Ndivyo hivyo tu. Nilikuangalia wiki kumi na moja ukikaa kimya na sisi, ukimwangalia mwenzio akiliwa kwa kosa lako, nikasema moyoni, huyu sasa ni wangu mpaka kufa.

Na la mwisho. Una Pask hajafa wala hajapotea. Yuko Otley, juu ya duka la nyama la baba yake. Nimemtumia kitabu chako, na kadi ndani: jina lako kamili, anwani yako, na nani alikwenda kwa matroni. Nimechapa kwa herufi kubwa ili asihangaike.

Hester Cundall

*

Hexham, 23 Septemba 2005

Hester,

Kwa nini umefanya hivyo? Mimi ungenipiga nikapigika. Yeye amekukosea nini?

Ndiyo, nilimwambia matroni. Mama alikuwa amelazwa Leeds, nilikuwa sijasikia sauti yake tangu Krismasi, na simu ilikuwa ofisini kwa matroni. Akasema, "Thorley, ukiniambia kelele za jioni zinatoka wapi, nitakuacha upige." Nikasema. Niliongea na mama dakika tatu. Alikuwa na dawa nyingi, alinidhania dada yangu. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu na nilidhani mtakasirika siku mbili tu. Ulipomtaja Una mbele ya bweni nilifungua mdomo. Ukaniangalia, nikaufunga. Sikujua kwamba unajua. Miaka yote hii nimekuwa nikikuletea jamu ya zabibu mwitu kila Oktoba nikidhani nakulipa kwa kukudanganya.

Na usinidhanie mtakatifu. Yule mwanamke wa Leominster aliniandikia kuhusu kura. Nilioka keki. Nilimkatia Leonard kipande, nikakikatakata vidogovidogo ili asipaliwe, tukala tukiwa tumefungua redio kwa sauti kubwa. Sijafurahi vile tangu augue.

Usiniandikie tena.

Avis

*

Otley, 14 Novemba 2005

Bi. Harbottle,

Mimi ni Una Garside, zamani Pask. Nilipokea kitabu chako kutoka kwa mtu ambaye jina lake silitaji ndani ya nyumba hii. Kadi yake nimeisoma. Kwamba ni wewe uliyesema habari ya redio. Nilidhani nitashtuka, lakini nilikuwa napima soseji, nikaendelea kupima.

Kwanza ujue kwamba sikuharibika. Nasema hivyo kwa sababu kitabuni Nora anabaki mtoto wa kuhurumiwa. Mimi niliondoka shuleni Pasaka ile, nikaingia kwenye bucha la baba, nikaolewa na mwanamume mcheshi, nikazaa watatu. Nina kelele. Wateja wanasema wananisikia kutoka stesheni. Hiyo ndiyo alama mliyoniachia, siwezi kukaa kwenye chumba chenye watu wasiosema. Hata kanisani natoka nje. Mume wangu alipokuwa anakufa na hawezi kuongea, niliita jirani akae naye. Hilo ndilo nisilojisamehe, na hilo nalihesabu kwenu.

Wiki ya tano nilikuwa naenda chooni kuzungumza peke yangu, nisikie kama sauti bado ipo. Wiki ya nane nikaacha.

Sasa ile pasi. Umeandika kwamba Mabel alikimbia. "Nora, niko hapa," anasema, na kitambaa chenye maji. Nimekisoma kipande hicho mara nne. Kimeandikwa vizuri. Ulikuwa mbali nami kama nilivyo mbali na meza hii. Kamba ya pasi ilinasa mguuni kwangu, pasi ikanilalia mkononi, nikapiga kelele. Haddow na Sillitoe walitoka nje. Wewe ulibaki. Nikasema, "Avis, tafadhali." Nilikutaja kwa jina. Ulikuwa unanyoosha kola. Ulitazama kola isije ikaungua, ukaigeuza upande wa pili, ukaendelea.

Vidole viwili vya mkono wa kushoto havikunji mpaka leo. Nashikia kisu kwa mkono wa kulia, kwa hiyo haijalishi sana.

Nina mjukuu, Bryony, ana miaka kumi. Alikichukua kitabu kabla sijakificha, na kadi akaiona. Akanijia dukani mbele ya watu, macho yanang'aa. "Bibi! Huyu Nora ni wewe? Mabel bado ni rafiki yako? Anakuja lini kututembelea?" Nikampeleka nyuma, nikamkalisha kwenye kreti. Nikamwambia Mabel hayupo. Hakuna aliyekimbia. Mtoto akalia sana. Nilimkumbatia nikidhani ananililia mimi. Anamlilia Mabel, Bi. Harbottle. "Masikini Mabel," anasema, "masikini Mabel, kumbe hayupo."

Sitaki uniombe radhi wala sina msamaha wa kukupa, nisingejua nautoa kwenye mfuko gani. Usije. Usiandike.

Una Garside

*

Hexham, 9 Desemba 2005

Mpendwa Bw. Yeo,

Leonard alizikwa Jumanne. Tulikuwa watu tisa. Nakuandikia mapema kwa sababu umesema toleo jipya la *Muhula wa Kimya* linaingia mitamboni mwezi wa kwanza, nami nataka kubadilisha mambo mawili.

La kwanza, nataka jina langu halisi litokee. Sina tena wa kumwogopa, na sina tena wa kumtia aibu.

La pili ni ukurasa wa 143. Nimeuandika upya, umo humu ndani ya bahasha. Ni mistari kumi na moja tu. Mabel anabaki mahali pake. Nora anamwita kwa jina, naye anageuza kola. Basi. Baada ya hapo sura inakwisha, na kwenye sura inayofuata Nora hamsamehe, wala kakao hainywewi. Najua itakiharibu kitabu. Kiharibike. Nilipokuwa nauandika ukurasa ule wa kwanza, asubuhi moja Leonard akiwa amelala, nililia kwa raha nikajiona nimefanya kitu. Nilichofanya ni kujitoa kwenye chumba kile na kumwacha Nora wa kweli peke yake ndani, mara ya pili.

Tafadhali usinijibu kwamba nimechoka kwa msiba. Nimechoka, lakini hili nalijua.

Avis Harbottle

*

London, 11 Januari 2006

Mpendwa Bi. Harbottle,

Pole sana kwa kuondokewa na mumeo. Ofisi nzima tumekukumbuka, na Philippa wa mapokezi ametuma maua, natumaini yamefika.

Jina lako tunaliweka kwa furaha kubwa! Wasomaji wanapenda kumjua mwandishi, hasa aliyeishi shule za namna ile.

Kuhusu ukurasa wa 143, nimeisoma mistari yako mara mbili. Lakini nakuomba unielewe. Tumepata barua zaidi ya mia tatu kuhusu kitabu hiki na karibu zote zinataja ukurasa huo huo. Walimu wanawasomea watoto darasani ili kuwafundisha ujasiri. Mama mmoja wa Norwich amempa binti yake mchanga jina la Mabel. Siwezi kumwondoa sasa, ingekuwa ukatili. Isitoshe mitambo ilianza kazi Jumatatu, kabla likizo haijaisha sawasawa, na barua yako ilikuwa bado kwenye rundo la Krismasi.

Nakuambatishia jalada jipya ulione. Tumechagua tukio lenyewe: Mabel yuko mbele anakimbia, Nora nyuma kidogo amenyoosha mkono. Mchoraji alipata picha yako ya darasa ya mwaka 1958 uliyotuletea wakati ule, na tukamwomba uso wa Mabel aufananishe na wako wa utotoni. Kila mtu hapa anasema amekupatia sawasawa. Kitambaa tumekitia rangi nyekundu ili kionekane vizuri kwenye rafu za maduka.

Hongera sana,
Crispin Yeo